Simu ya IP kutoka Wi-Fi kwenda 4G bila kukatika

Ukitoka na simu ya IP (inayopitisha maongezi kwenye mtandao wa data) katika ofisi iliyo jirani na Bandari ya Tanga kuelekea yadi ya makontena, Wi-Fi haififii polepole. Chuma kinaikata: unapinda kona moja tu na mawimbi yanaweza kushuka kutoka -60 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) hadi chini ya -80. Simu inarukia 4G, anwani ya IP inabadilika, na kama VPN, njia iliyosimbwa ya kufika mtandao wa ofisi, haikuandaliwa kwa hilo, maongezi yameishia hapo.

Sauti haina subira. Pendekezo la G.114 la ITU-T, shirika la viwango vya mawasiliano, ni ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na kuanzisha VPN upya, kwa kubadilishana funguo na kuhakiki vyeti, hupita hapo kirahisi. Ndiyo maana inafaa kuchagua VPN ya IPsec inayotumia IKEv2, itifaki ya kukubaliana funguo, yenye nyongeza ya MOBIKE (waraka wa kiwango RFC 4555, wa 2006): funguo zinabaki zilezile, kinachobadilika ni anwani. WireGuard, VPN ya aina nyingine, nayo huhama vizuri sana, ila hainakili alama ya DSCP (inayoonyesha kipaumbele cha pakiti) kwenye pakiti ya nje, hivyo ruta za njiani haziwezi kutofautisha sauti na faili. IPsec huinakili.

Lakini alama hiyo ina gharama yake, na wengi hawaitarajii. Kila pakiti ya IPsec ina namba ya mfuatano. Mpokeaji huzitupa zilizobaki nyuma ya dirisha la kuzuia marudio (pakiti ya zamani kutumwa tena na mdukuzi), ambalo mara nyingi ni pakiti 64. Ruta ikitanguliza sauti, pakiti za faili zilizokuwa foleni hufika dirisha limeshazipita. Dalili yake: mtu akipiga simu, faili la mwenzake linazorota, na ukipima mawimbi hayana tatizo. Panua dirisha hadi 1024, au tenga SA (muunganisho wa IPsec wenye funguo na mfuatano wake) ya sauti na ya data. Kulizima kabisa ni kumfungulia mlango anayetaka kurudia pakiti zako.

Kwenye Wi-Fi yenyewe kuna mtego mwingine. DSCP ya sauti ni 46, yaani 101110. Vifaa vingi husoma biti tatu za mwanzo tu, vinapata 5, na sauti inaingizwa kwenye foleni ya video. Ipange mwenyewe iwe 6, kipaumbele cha foleni ya sauti, kama RFC 8325 inavyoelekeza. Washa 802.11r, kiwango cha kuhama haraka, ili simu isirudi kwenye seva ya uthibitishaji kila inapobadili kituo cha Wi-Fi, lakini skana za zamani za kusoma misimbo huweza kugoma kuunganika. Zipe mtandao wa Wi-Fi wenye jina la peke yake.

Ukishafika 4G, usitegemee mtandao wa simu uheshimu alama zako. Kwa kawaida sauti ya VPN husafiri pamoja na data nyingine zote. Punguza mzigo kwa G.729, mbinu ya kubana sauti. Pakiti ya G.729 yenye baiti 60 huwa 124 ikishasimbwa kwa AES-GCM na kufungwa ndani ya pakiti ya UDP, karibu kbps 50 kila upande. MTU ya VPN, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe baiti 1400.

Getini weka kituo cha Wi-Fi cha nje kinachotazama yadi, ili simu ipate muda wa kuhama. Viunganishi vyake vifungwe tepu ya mpira, maana chumvi ya bahari huvila. Kisha jaribu: piga simu huku faili kubwa likipakuliwa, tembea hadi kwenye makontena, na usome kaunta ya pakiti zilizokataliwa kwa marudio. Ikipanda, dirisha bado ni dogo.