Siyo Freemason: zile herufi za Kigiriki wanazovaa Wamarekani weusi zilitoka wapi

Kila ikipita mtandaoni picha ya Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, yuko na wanawake wenzake wamevaa pinki na kijani, chini yake hukosi mtu kaandika "freemason hao", na mwingine anamjibu ndo maana kapanda cheo. Sisi tunaofundisha historia ya watu weusi chuoni tumeulizwa hili swali mara nyingi mno mpaka tumeona bora tuliandike kwa urefu, maana ukweli wenyewe ni mzuri kuliko huo uvumi, na unauma pia.

Hao wa pinki na kijani chama chao kinaitwa Alpha Kappa Alpha, Harris alijiunga nacho 1986 akiwa bado mwanafunzi Howard University pale Washington. Vyama vya namna hiyo vya wanawake wa chuo vinaitwa sororiti, vya wanaume vinaitwa fratenati, na Wamarekani weusi wanavyo 9 vikubwa ambavyo wenyewe wanaviita Divine Nine. Majina yao ni herufi za Kigiriki (Alpha, Kappa na kadhalika), lakini wamezikuta tu. Huo mtindo ulianza 1776 huko Virginia, chuo cha William & Mary, wanafunzi wa kizungu walipoanzisha Phi Beta Kappa, na enzi hizo msomi ni yule anayejua Kigiriki na Kilatini, kwa hiyo kujipa jina la Kigiriki ni kama kusema sisi ndo wasomi wenyewe. Baadaye vyama vikazaana, vikawa na majumba yao, humo watu wanalala, wanakula, wanapeana noti za masomo, wakimaliza wanashikana mkono makazini. Mweusi haingii, au akiingia basi anaingia kwa mlango wa jikoni kama mhudumu.

Sasa twende Ithaca, New York, kwenye chuo cha Cornell. Mwaka wa masomo wa 1904 kwenda 1905 ulipoisha, wanafunzi weusi 6 hawakurudi chuoni. Kwa wenzetu wengine 6 ni namba ndogo, lakini pale weusi walikuwa wa kuhesabu, wamepanga mjini kwa familia za watu weusi, hawana kikundi cha kusoma nacho, hawana wa kuwaambia mtihani wa profesa fulani unakujaje (na wewe uliyesoma chuo unajua kabisa kwamba mtu bila kampani ya kusoma anaweza akapotea hivihivi huku ana akili zake timamu). Waliobaki wakaanza kukutana, kusoma pamoja, wakabishana sana, tubaki kikundi cha kusoma au tuwe fratenati kamili kama hawa wazungu? Tarehe 4 Desemba 1906 ikaamuliwa, Alpha Phi Alpha ikazaliwa, waanzilishi 7. Angalia walivyoishia: Henry Callis akawa daktari, Eugene Kinckle Jones akaja kuiongoza National Urban League, shirika la kutetea watu weusi mijini, na Vertner Tandy akawa msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa jimbo la New York, ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, yule mama aliyetajirika na mafuta ya nywele. Hawa ndo watu ambao chuo kilikuwa karibu kuwapoteza.

Hadithi ya Indiana inafanana. Kwenye chuo cha Indiana University, mji wa Bloomington, mwanafunzi mweusi angeweza kukaa wiki nzima hajakutana na mweusi mwenzake kampasi, bweni la chuo hapati, na tarehe 5 Januari 1911 Elder Watson Diggs na wenzake wakaanzisha chama ambacho leo kinaitwa Kappa Alpha Psi.

Lakini mtu akikuuliza nyumbani kwa hivi vyama ni wapi, mwambie Howard. Chuo hiki kilianzishwa 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha, na kati ya vyama 9 vitano vimezaliwa pale pale. Alpha Kappa Alpha ilikuwa ya kwanza ya wanawake, tarehe 15 Januari 1908, mwenye wazo ni Ethel Hedgeman. Mwishoni mwa 1911 wakafuata wanaume watatu na mlezi wao Ernest Just, mwanasayansi wa baiolojia, wakaanzisha Omega Psi Phi.

Halafu 1912 kukawa na ugomvi, na hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu kwangu mimi hii ndo sehemu tamu kuliko zote. Mabinti 22 waliokuwa ndani ya Alpha Kappa Alpha wakasema hapana, sisi hatutaki chama cha kukutana na kupendeza tu, tunataka siasa, tunataka haki ya kura, tubadilishe jina, rangi, katiba, kila kitu. Nellie Quander, mwanachama aliyekuwa ameshahitimu, akasikia, akagoma kabisa, akawapa muda wajirudi. Hawakujirudi. Tarehe 13 Januari 1913 wakaanzisha Delta Sigma Theta, na wiki mbili baadaye tarehe 29 Quander akakamilisha usajili wa kisheria wa Alpha Kappa Alpha ili asije mtu mwingine tena akakivunja. Nani alikuwa sahihi? Mimi naona wote, maana ule ugomvi ulizaa vyama viwili imara na vyote vipo mpaka leo.

Hao wa Delta hawakukaa hata miezi miwili. Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla Woodrow Wilson hajaapishwa kuwa rais, wanawake waliandamana Washington kudai kura, na waandaaji wa kizungu walitaka weusi wakae nyuma wasiwaudhi wazungu wa kusini. Mabinti wa Howard wakaenda hivyohivyo, wakaandamana, pamoja na Mary Church Terrell, mwanaharakati mweusi wa haki za wanawake. Hebu fikiria una miaka 20, umesoma kwa jasho la wazazi, unajua ukifanya fujo kidogo unarudishwa kijijini, na bado unatoka barabarani.

Vingine navipitia haraka. Phi Beta Sigma 1914 na Zeta Phi Beta 1920, vyote Howard, hivi viwili ni kaka na dada kwa mujibu wa katiba zao. Sigma Gamma Rho 1922 Indianapolis, walimu 7 wa shule, wakati ambao Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, ilikuwa na nguvu kweli jimbo lile. Wa mwisho ni Iota Phi Theta, 1963, chuo cha Morgan State, Baltimore. Baraza linalowaunganisha lilianzishwa Howard mwaka 1930.

Kitu ambacho watu wengi huku hawakijui ni kwamba hivi vyama haviishi siku ya mahafali. Ukishaingia umeingia mpaka kaburini, matawi ya waliohitimu yapo na ndiyo yenye hela na ujuzi. Mfano Mississippi: kuanzia 1935 mpaka 1942, kila kiangazi wanawake wa Alpha Kappa Alpha wakiongozwa na Dr. Dorothy Boulding Ferebee walikwenda kutibu na kuchanja watoto wa wakulima maskini, na wenye mashamba walipokataa watu wao wasitoke kwenda kliniki, kina mama wakapakia dawa kwenye magari yao binafsi wakawafuata hukohuko mashambani. Ile sanamu kubwa ya Martin Luther King pale Washington iliyofunguliwa 2011 nayo ni wazo la Alpha Phi Alpha la tangu 1984, maana King alikuwa mwenzao.

Siri wanazo, hilo nakubali. Kuna viapo na ibada za kuingia ambazo hawasimulii, desturi ya vyama karibu vyote vya zama zile. Tatizo la kweli ni lingine, ni mateso kwa wanaoingia, kama njuka anavyosumbuliwa bwenini ila hapa kuna vipigo mpaka watu wamekufa. 1990 baraza lilifuta ule utaratibu wa zamani wa kupitishwa kwenye majaribu, lakini kisirisiri bado yanatokea. Mzazi mwenye mtoto anayesoma kule, akikwambia anaamshwa usiku wa manane, ananyimwa usingizi, ameambiwa asimwambie mtu, hiyo siyo taratibu ya chama, aripoti chuoni mara moja.

Na Afrika tumo humo toka zamani. Kwame Nkrumah alipokuwa mwanafunzi Lincoln University, Pennsylvania, aliingia Phi Beta Sigma, Nnamdi Azikiwe naye ni wa hukohuko, kwa hiyo marais wa kwanza wa Ghana na Nigeria walikuwa ndugu wa chama kimoja cha chuo. Zeta wakafungua tawi Monrovia, Liberia, 1948. Na kama uko Kenya ukapita Thika, ile hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, ambayo akina mama wengi wamejifungulia pale, miongoni mwa waliochanga ni Delta, chama cha wale mabinti 22 waliojitenga.