Kambi yenye athari ndogo: neno "athari" linabeba nini

Mwezi Agosti mwaka jana nilionyeshwa mahali ambapo kundi la vijana lilikuwa limelala siku tatu ndani ya msitu wa miombo, si mbali na Mto Ugalla. Mwenyeji wangu, kijana mchapakazi aliyelisindikiza kundi hilo, aliniambia kwa fahari kwamba hiyo ndiyo kambi yenye athari ndogo. Kweli hapakuwa na chupa, mfuko wala kizibo. Uwanja wote, kuanzia miguuni petu hadi kwenye kichuguu, ulikuwa umefagiwa kwa tawi, na mistari yake ilionekana mchangani kama uani asubuhi ya sikukuu. Katikati yalikuwapo mafiga matatu meusi, na pembeni vigingi kumi na viwili vya mti mbichi, vimechongwa ncha na kupangwa vizuri, maganda yake bado yana utomvu mwekundu wa mninga. Tangu siku ile nimelisikia neno hilo likitumiwa vivyo hivyo, kana kwamba maana yake ni usafi tu, katika vikao vya Tabora na vya Kigoma pia, na ndiyo sababu ya kuandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kambi yenye athari ndogo ni namna ya kulala porini, mahali pasipo nyumba, barabara wala choo, kwa kupanga safari, kuchagua mahali pa hema, kupika, kujisaidia na kuondoka kwa jinsi ambayo udongo, mimea, maji na wanyama wa hapo watabadilishiwa maisha kidogo iwezekanavyo. Kanuni zake saba zinazojulikana zaidi zilikusanywa Marekani, nchi iliyotunga sheria ya kulinda maeneo ya nyika mwaka 1964, na shirika linalozisimamia lilianzishwa huko mwaka 1994. Neno "ndogo" limewekwa kwa makusudi: hakuna anayeahidi kwamba mtu anaweza kulala porini bila kubadilisha chochote.

Tatizo, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye maneno mawili ambayo yote tuliyapokea kutoka Kiarabu, alama na athari, na ambayo siku hizi yanapeana nafasi kana kwamba ni mapacha. Alama imetoka kwenye shina lile lile lililotupa elimu, mwalimu na maalumu, yaani shina la kujua. Ni kitu kinachowekwa au kinachoonekana ili mtu ajue. Mkato wa panga kwenye gome la mti, unaomwonyesha mrina asali njia ya kurudi kwenye mizinga yake, ni alama. Athari ilikuwa na kazi nyingine. Huko ilikotoka, ilitaja unyayo, mburuzo, majivu ya moto uliozimika, chochote kinachobaki ardhini mtu akishapita, awe alikusudia kukiacha au hakukusudia. Na wingi wake katika Kiarabu hadi leo hutaja magofu na vitu vya kale. Lilipofika kwetu, ule unyayo ukafifia tukabaki na maana ya matokeo, kisha matumizi ya kila siku yakalisogeza karibu na madhara. Kwa hiyo tunapotafsiri kaulimbiu ya kanuni zile za Marekani, "Leave No Trace", kuwa "usiache alama", tunamwambia msafiri aondoe kile ambacho jicho la binadamu litakiona, naye anashika ufagio.

Ufagio huo ndio unaonisumbua zaidi. Majani makavu ya miombo yaliyolala juu ya udongo wa kichanga wa Tabora si uchafu. Ndiyo yanayoufunika udongo huo hadi mvua zirudi. Yakiondolewa, matone makubwa ya Novemba hupiga mchanga mtupu, huubana juu, na maji yaliyopaswa kuzama hutiririka pamoja na mbegu zilizokuwa zinangoja kuota. Najua kwa nini tunafagia: nyumbani uwanja uliofagiwa ni heshima ya mwenye nyumba, na nyoka huonekana mapema. Lakini porini inatosha kusogeza majani kwa mkono pale tu hema litakapokaa, na kuyarudisha siku ya kuondoka. Uwanja niliouona ulikuwa na upana wa kutosha mahema kumi, ilhali kundi lililala katika matatu.

Hapo ndipo usafi na athari ndogo vinapoachana kabisa, hata kufikia mahali ambapo kambi bora haipendezi machoni. Mahali ambapo warina asali au wavuvi wamelala miaka mingi, penye udongo mgumu usioota kitu na mafiga yaliyokwisha kuungua, ndipo mgeni anapotakiwa kulala, kwa sababu usiku wake mmoja hautaongeza kitu kikubwa. Pale penye nyasi zilizosimama na maua, ambapo kila mtu angependa kupiga picha, ndipo pa kupitwa, maana siku chache za kwanza za kukanyagwa huharibu kuliko nyingi zinazofuata. Kama eneo lote bado halijaguswa, watu hutawanyika, wakalala usiku mmoja juu ya mchanga wa mto uliokauka, mwamba au nyasi kavu, wakahama kabla njia haijaanza kuchoreka. Kuhusu mbuga, kwa maana yake halisi ya bonde la udongo mweusi unaojaa maji masika, asifike huko mtu mwenye gari wakati wa mvua. Magurudumu yanayozama hapo hugeuka mitaro migumu jua likirudi.

Upande mwingine lugha yetu imehifadhi jambo jema. Basi likisimama kati ya Tabora na Kigoma, abiria hushuka "kuchimba dawa", na ingawa ni tafsida tu, kuchimba ndiko hasa kunakotakiwa kwa haja kubwa: shimo la sentimita 15 hadi 20, ambako udongo una viumbe wa kuozesha, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji, kisha kufukia. Sabuni nayo ikae mbali na mto kwa umbali huo huo, kwa kuwa maji ya Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huyafikisha Ziwa Tanganyika.

Ipo pia athari isiyo na alama yoyote. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, wageni huvaa barakoa na hukaa umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwa sokwe. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua sokwe kadhaa huko, na vipimo vilionyesha kirusi chenye uhusiano na cha binadamu. Kikohozi hakiachi chupa wala jivu.

Wapo watakaosema kwamba ganda la ndizi na kokwa la embe vinaoza, basi si kitu. Miembe mikongwe ya Ujiji na ya Tabora, ambayo wenyeji huihusisha na misafara ya karne ya 19, inatokana na tunda lililokuja kutoka Asia, na kila mmoja ulianza na kokwa. Mjini nakifurahia sana kivuli chake. Ndani ya hifadhi, kokwa nalirudisha mfukoni.

Siku ile sikumweleza mwenyeji wangu haya yote, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa amebeba mgongoni gunia zima la taka za watu wengine. Mdogo wangu, ukiyasoma: gunia lile lilikuwa kazi ya maana, endelea nayo. Kwenye taarifa yako andika kwamba kambi iliachwa safi, kwa kuwa ni kweli. "Athari ndogo" iandike safari ile mtakayokuja na vigingi vya chuma kutoka mjini na jiko dogo la gesi, na mtakapokuwa mmeyarudisha majani pale mlipoyatoa.