Hima si haraka

Wiki hii nimesahihisha insha yenye sentensi hii: "Daktari aliandika kwa hima, ndiyo maana dawa zikakosewa." Nilipomwuliza mwanafunzi, akanijibu kama walivyonijibu wengi kabla yake: hima na haraka ni kitu kimoja, ila hima ni ya washairi. Siyo!

Haraka hupima mwendo tu. Ndiyo maana hulaumiwa: mtu akifanya kazi haraka haraka tunajua ameilipua, na wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hebu tia hima mahali pake uone methali inavyokataa. Hima hubeba bidii na nia pamoja na wepesi. Asili yake ni himma ya Kiarabu, yaani ari, azma. Mzizi huohuo ndio uliotupa muhimu na hamu. Watu wawili wamebeba mgonjwa kwenye machela, wa nyuma mikono imeanza kulegea, wa mbele anamwambia, "Hima, tunakaribia!" Hamwambii akimbie, maana wakikimbia watamwangusha mgonjwa. Anamtia nguvu asiachie. Yule daktari wa kwenye insha aliandika haraka haraka. Hima hakuwa nayo.

Eti hima ni amri ya mkubwa kwa mdogo. Mbona tunasema "tufanye hima", msemaji naye akiwamo? Hata mzee wako unaweza kumwambia hivyo bila kumkosea adabu.

Kinachoniudhi karibu sawa na hicho ni himiza kutumiwa kwa maana ya lazimisha, hasa kwenye matangazo ya maofisini. Aliyehimizwa bado ana hiari. Ukiandika "wapangaji wanahimizwa kuhama kabla ya Ijumaa, la sivyo vyombo vyao vitatolewa nje", umeficha shuruti ndani ya neno la upole. Andika wanaamriwa, watu wajue wanachoambiwa.

Himaya na himidi? Hayana undugu na hima. Kiarabu kina h mbili, moja nyepesi na nyingine ya kooni. Hima imetokana na nyepesi, hayo mawili na ya kooni. Sisi tunazitamka zote sawa, basi sikio linadanganyika.

Na mkiwa wengi, wingi uwekeni kwenye kitenzi: fanyeni hima, njooni hima.