Unaweza kubadilisha plagi za gari yako mwenyewe, ila kwanza tuyaondoe haya maneno ya mtaani

Jumamosi asubuhi nilifungua boneti ya Toyota IST yangu hapa uani nibadilishe plagi, vile vidude vinavyopiga cheche kuwasha mafuta ndani ya injini, na mtaa wetu ukifungua boneti tu watu wanakuja. Ndani ya saa moja nikawa nimeshauriwa na watu wanne. Mmoja anasema kaza mpaka ilie, mwingine anasema paka grisi kwenye nyuzi za plagi, wa tatu ananiuliza kwa nini nanunua mpya wakati za zamani nikizichoma moto zinarudi, na shemeji yangu mwenyewe akasema hiyo kazi ya fundi wewe utaua gari. Wote wananitakia mema kabisa, lakini karibu yote waliyosema sio kweli na mengine ndo yale yale yanayoharibu injini za watu, ndo maana nimekaa naandika.

Gari yangu ni ya 2004, injini 2NZ ya 1.3, na ninayosema hapa yanaenda pia kwa 1NZ iliyoko kwenye baadhi ya Vitz, Raum, Platz na Spacio. Kama una gari ndogo ya aina nyingine kazi ni ile ile, ila namba ya plagi na saizi ya soketi hakikisha kwanza.

Nianze na ya shemeji, kwamba hii kazi lazima iende gereji. Hapana. Kwenye hizi injini plagi zote nne zimepangwa mstari mmoja juu kabisa, unatoa kava la plastiki unaziona koili nne (ndo zinazozipa plagi umeme mkubwa), kila koili imeshikwa na bolti moja ya spana 10. Unahitaji racheti, ekstensheni ndefu, spana 10, na soketi ya plagi ya 16 ile yenye mpira ndani wa kuishika plagi isidondoke. Mtu anayeanza atumie saa moja, hakuna haraka. Sehemu inayotaka utulivu kuliko zote ni klipu za soketi za umeme kwenye koili, gari imeshakula joto miaka ishirini ile plastiki imekuwa kama biskuti, ukivuta kwa hasira inakatika. Bonyeza ulimi wake mpaka ndani, sukuma kidogo mbele kwanza alafu ndo uvute.

Kingine ambacho hata gereji wengi wanakiruka ni vumbi. Ukishatoa koili usikimbilie kufungua plagi, chukua kitochi cha simu umulike lile shimo, utaona mchanga umekaa pale chini kuzunguka plagi. Ukifungua vile vile mchanga wote unadondokea ndani ya silinda juu ya pistoni, na huko unasaga kuta za silinda. Mimi sina kompresa, natumia pampu ya baiskeli na kipande cha mpira mwembamba, napuliza mpaka nione chuma kisafi, macho nimeyageuza pembeni maana unaruka wote usoni.

Sasa hili la "kaza mpaka ilie" ndo linaloniuma, kwa sababu nimeona mwisho wake. Silinda hedi ya hizi gari, yani kichwa cha injini plagi zinapofungwa, ni ya aluminiamu na plagi ni chuma, ukilazimisha anayeumia ni aluminiamu siku zote. Vipimo vya Toyota kwa hizi injini za NZ ni Nyuton mita 18. Kwa lugha ya mkono, ukiwa na racheti ya sentimita 20 hiyo ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 9 kwenye ncha yake, basi. Nati za tairi za gari hiyo hiyo zinakazwa kwa 103, yani karibu mara sita, na kuna watu wanakaza plagi kwa mkono ule ule wa nati ya tairi. Kama huna toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza (na wengi wetu hatuna), plagi mpya yenye washa yake, ile pete ya chuma, unaiingiza kwa vidole mpaka ikae, alafu unaongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili kwa racheti. Utaisikia ile washa inabonyea, inakuwa laini alafu inakuwa ngumu, hapo simama. Plagi iliyowahi kufungwa washa yake ilishabonyea tayari, hiyo inataka kidogo sana, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko, sawa na mshale wa saa kutoka saa moja kwenda saa mbili.

Ndugu yangu mmoja alifungiwa plagi na kijana aliyekuwa na haraka, akaiingiza kwa racheti tangu mwanzo badala ya vidole. Ikaingia upande, nyuzi zikala nyuzi. Gari ikatembea vizuri tu wiki kadhaa, alafu siku moja yuko barabarani akasikia mlio kama bunduki ndani ya boneti, plagi imeruka na koili imevunjika vipande viwili. Ikabidi hedi ichongwe nyuzi upya na kuwekewa ile springi ya helikoili inayokuwa nyuzi mpya. Yote hayo kwa sababu ya dakika mbili za kutotumia vidole.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kipande cha mpira wa mafuta wa kama sentimita 25 unaobana kichwa cha plagi, chomeka plagi kwenye mpira, ishushe shimoni taratibu. Zungusha kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka usikie inadondoka kidogo "tk", hapo mwanzo wa nyuzi umekutana na mwanzo wa nyuzi. Ndo uanze kufunga. Ikienda sawa utazungusha mizunguko mingi kwa vidole viwili tu bila kutumia nguvu, na ikitaka kuingia upande ule mpira wenyewe unateleza, haukuachii uharibu. Ikigoma toa, futa, anza tena. Racheti inagusa mwisho kabisa.

Na injini iwe imepoa. Kuna wanaosema iwashe kwanza ipate moto ndo plagi zinalegea, lakini aluminiamu ikiwa ya moto sana ndo nyuzi zake zinang'oka kirahisi. Mimi nafanya asubuhi kabla sijaiwasha. Kama plagi imeganda, tia penetreti (dawa ya kulegeza kutu), subiri, legeza kidogo rudisha kidogo, nenda hivyo hivyo mpaka ikubali.

Grisi kwenye nyuzi: usipake. Plagi za kampuni za Denso na NGK nyuzi zao zinakuja zimeshawekwa tabaka la kuzuia kutu, na ukipaka grisi au oili msuguano unapungua, mkono wako unahisi bado haijakaza kumbe umeshapita kipimo.

Kuhusu kuchoma moto na kupiga msasa, hii imetoka kwenye pikipiki na gari za zamani na naelewa kwa nini watu wanaishika, spea ni hela. Lakini plagi haifi kwa uchafu peke yake, inakufa kwa kuliwa. Injini ikiwa mizunguko 2,000 kwa dakika kila plagi inapiga cheche mara 1,000 kwa dakika, kwa saa moja ni 60,000, na kila cheche inang'oa kachuma kidogo kwenye ncha. Kwa hiyo gepu, ile nafasi cheche inayoiruka kati ya ncha mbili, inapanuka. Mpya inatakiwa 1.1 mm, hizi nilizotoa mimi nimepima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) nikakuta 1.4, na kona za ile ncha ya katikati zimekuwa duara kabisa wakati ikiwa mpya inakuwa kali. Cheche inapenda kona kali. Hakuna moto utakaorudisha hilo, na msasa wa waya ndo mbaya zaidi kwa sababu unaacha chembe za chuma kwenye ile kauri nyeupe na umeme unapitia hapo badala ya kuruka.

Hapo hapo linaingia la "mbona gari bado inawaka, plagi nzima hizo". Inawaka ndiyo, kwa sababu koili inajitesa. Gepu likipanuka koili inabidi itoe umeme mkubwa zaidi kuliruka, na tunaongelea volti 20,000 na zaidi, sasa ifanye hivyo kila siku ndani ya joto la injini, mwisho koili inapasuka insulesheni. Mtu anakuja kununua koili mbili tatu kwa sababu alibana hela ya plagi. Na zibadilishe zote nne kwa pamoja, zimetembea kilomita sawa.

Sasa plagi zenye ncha ya iridiamu badala ya nikeli ya kawaida. Mtaani inauzwa kama dawa ya nguvu, weka iridiamu gari inakuwa nyepesi na mafuta inanusa tu. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 2,446 wakati nikeli ni 1,455, ndo maana wanaweza kuichonga nyembamba mpaka 0.4 mm na isiliwe haraka, nikeli ya kawaida ina 2.5 mm. Ncha nyembamba inataka umeme kidogo kuruka, ni faida ya kweli. Lakini injini nzima ya 1.3 yenye plagi nzima za nikeli haiongezeki farasi kwa kuwekewa iridiamu. Wanaosema gari imebadilika hawadanganyi, walitoa plagi zilizochoka, na hata wangeweka nikeli mpya wangeisikia tofauti ile ile. Na sio kila iridiamu inaishi sana: zile za kilomita 100,000 zina chuma cha thamani pande zote mbili, ncha ya katikati na ile ya juu, lakini Iridium Power za Denso zimetengenezwa kwa ajili ya kuchoma mafuta vizuri, sio kudumu, Japani wenyewe wanashauri zibadilishwe mapema kama nikeli tu. Muulize muuzaji ni ipi kabla hujatoa hela. Mimi naweka nikeli, K16R-U11 ya Denso, nazifungua kila baada ya kilomita 20,000 niziangalie, na kwa bei yake sioni uchungu kuzibadilisha.

Kuna na hii nimeisikia Dar sana, kwamba huku kuna joto kwa hiyo uweke plagi ya baridi zaidi, yani inayotoa joto haraka kwenye ncha yake. Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi joto takriban 500 na 850, chini ya hapo masizi hayaungui, juu yake inaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati. Sasa hizo nyuzi 32 za Dar na 22 za Mbeya zinabadilisha nini kwenye mia nane? Joto la plagi linaamuliwa na injini. Angalia namba kwenye kitabu cha gari na uishike hiyo hiyo, na ujue Denso 16 ni sawa na NGK 5, Denso 20 ni sawa na NGK 6, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Urefu wa nyuzi ndo usicheze nao kabisa, hizi ni 19 mm, ukiweka ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kukutana na pistoni.

Feki zipo, na nembo zinazoigwa zaidi ndo hizo hizo nzuri. Njia moja rahisi ni ile washa, kwenye orijino haitoki kwa kuivuta, lazima uizungushe kwenye nyuzi, kwenye feki nyingi inachomoka yenyewe. Angalia pia nyuzi kama ni laini, maandishi kama hayafutiki kwa kidole, na ncha ya katikati kama imekaa katikati kweli.

Gari ikiwa inamisi, yani silinda moja haichomi vizuri, tafadhali usichomoe koili moja moja injini ikiwa inawaka. Umeme unaokosa pa kwenda unaiumiza koili au unakurukia wewe, na mafuta yasiyoungua yanaenda kuchoma katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Zima, soma kodi ya hitilafu kwa kale kadude ka OBD kanakochomekwa kwenye gari, P0302 maana yake silinda ya pili inamisi, badilishana koili ya pili na ya tatu, washa. Ikigeuka P0303 koili ndo mbovu, ikibaki P0302 angalia plagi yenyewe.

Ukizitoa zipange kwa namba, 1 mpaka 4, usizichanganye, zinaongea. Kahawia hafifu au kijivu ni injini yenye afya, nyeusi kavu ni mafuta mengi au hewa kidogo, iliyolowa oili kwenye ncha anza kufikiria ringi au sili za valvu. Oili ikiwa juu tu shimoni na ncha ni kavu, hiyo ni gasketi ya kava la valvu, usiogope. Na ule mstari wa kahawia kwenye kauri nyeupe, pale inapoingia kwenye chuma, kila mtu anakwambia plagi inavujisha gesi. Haivuji. Ni umeme mkubwa unavuta chembe za oili zilizoko hewani zinaganda pale. Mbili za kwangu zilikuwa nao na zilikuwa zinafanya kazi vizuri.

Nilipomaliza nikarudisha koili, nikasikiliza kila klipu ilie "kla", nikawasha. Ile kutetemeka kidogo ikiwa imesimama kwenye D na breki imekanyagwa haikuwepo tena. Shemeji akaweka mkono juu ya kava akanyamaza kidogo, alafu akauliza soketi ya 16 inauzwa wapi. Nimeandika kwenye tepu ya karatasi nikaibandika chini ya boneti: km 148,300, K16R-U11, gepu 1.1.