Kutoa maji tumboni sio kumuua mgonjwa

Jamani hii ya kusema mgonjwa wa kansa akishaanza kutolewa maji tumboni ndo kwisha habari yake, eti kuyatoa kunaharakisha kifo, tuiache. Maji yanaletwa na kansa yenyewe, yakipungua anapumua vizuri, analala, anaweza hata kumaliza kikombe cha uji. Na sio lazima achomwe sindano kila yanapojaa, kuna mpira laini unaitwa PleurX unapitishwa chini ya ngozi ya tumbo unabaki humohumo, nyumbani mnaunganisha chupa maji yanatoka taratibu, yasizidi lita 2 kwa mara moja, Uingereza NICE, taasisi ya serikali inayotoa miongozo ya matibabu, waliupendekeza tangu 2012. Hauponyi kansa. Ila akipata homa au maji yakiwa na usaha muwahisheni hospitali siku hiyohiyo.