Mama Yuko Wapi? Kumsoma Baba na Binti Katika Tamthiliya kwa Jicho la Saikolojia

Kosa kubwa katika insha za uhakiki wa kisaikolojia ni kuanza na jina la ugonjwa. Mwanafunzi anafungua Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare, anamkuta Jessica akimtoroka baba yake, Shylock, mkopeshaji fedha, na kabla hajamaliza onyesho ameshaandika: "Jessica ana kompleksi ya Electra." Ni kama kutaja bei ya mtumba pale Karume bila hata kuikunjua nguo.

Jina lenyewe lina ugomvi wake. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alimtumia Oedipus, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, kueleza mapenzi na wivu ambao mtoto huuzika ndani ya nafsi hata mwenyewe asiutambue. Mwaka 1913 Carl Jung, mwanasaikolojia mwenzake, akapendekeza jina la Electra kwa upande wa binti na baba. Freud alilikataa. Kwake, binti hakuwa mvulana aliyegeuzwa tu, na mwaka 1931 alisisitiza kwamba binti naye huanza kwa kufungamana na mama. Kumgeukia baba ni safari inayokuja baadaye, na haiji bila uchungu. Kuna jambo jingine ambalo jina hilo hulifunika. Electra wa Wagiriki anamlilia Agamemnon, baba aliyeuawa na mkewe. Lakini Agamemnon huyohuyo alikuwa amemtoa kafara binti yake mwingine, Iphigenia, ili apate upepo wa kwenda vitani. Mhakiki anayesema "Electra" bila kumtaja Iphigenia amesikiliza upande mmoja wa kesi.

Kwa hiyo swali la kwanza si binti anampenda baba kiasi gani. Swali la kwanza ni: mama yuko wapi?

Chukua onyesho moja tu, si tamthiliya nzima, ulisome mara tatu. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili andika kila mahali mama anapotajwa, hata kama ni kwa kitu alichoacha. Mara ya tatu andika baba anaomba nini, kwa maneno yake mwenyewe, na nani wa tatu yupo karibu: mchumba, mjumbe, mtumishi. Ndipo uanze kutafsiri. Ukikosa ushahidi wa maneno katika hatua ya pili na ya tatu, tafuta nadharia nyingine, ziko nyingi.

Mabepari wa Venisi inafaa kwa zoezi hili, maana tunaisoma kwa Kiswahili tangu Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake mwaka 1969. Katika sehemu ya pili, onyesho la tano, Shylock amealikwa chakula cha jioni na hataki kwenda. Anasema usiku ameota mifuko ya fedha. Anampa Jessica funguo, kisha anamwagiza afunge madirisha ili kelele za ngoma na filimbi za mtaani zisiingie. Madirisha hayo anayaita masikio ya nyumba yake. Mhakiki mwenye haraka atarukia ndoto, kwa sababu ndoto na Freud huenda pamoja. Tazama funguo kwanza. Baba anamkabidhi binti nyumba, mali na masikio kwa pumzi moja, kana kwamba vyote ni shehena ya ghala moja. Ameota mifuko, kinachotoka nyumbani usiku ule ni binti, na mifuko mkononi mwake. Katika onyesho linalofuata Jessica, amevaa nguo za kiume, anamrushia mchumba wake kasha kutoka dirishani, halafu anarudi ndani kuongeza fedha.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Kile kilio maarufu, ambacho Shylock anachanganya binti na fedha zake mtaani, hatumsikii akikilia. Kinasimuliwa na mtu anayemcheka. Mhakiki akikitumia kama ushahidi wa nafsi ya Shylock, amemchukua shahidi kutoka kambi ya adui. Maneno yake mwenyewe yako sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, nayo ni makali zaidi: anatamani binti awe amekufa miguuni pake, na vito masikioni mwake. Hayo ndiyo ya kunukuu.

Onyesho hilohilo ndilo linalojibu swali la mama. Tubal, rafiki yake, anamletea habari kwamba Jessica ametoa pete kwa kubadilishana na nyani mmoja. Shylock anaugua. Pete hiyo, anasema, alipewa na Leah kabla hajaoa, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Leah hatajwi kwingine kokote. Maandishi hayasemi wazi kwamba ndiye mama yake Jessica, ingawa ni vigumu kusoma vinginevyo. Mama katika nyumba ile amebaki kuwa pete, na pete iko chini ya ulinzi wa baba. Binti anapoiuza kwa mzaha, je, anamdharau mama, au anaivunja ile hazina ambayo baba alimfungia mama ndani yake? Swali hilo linafaa kuwa kiini cha insha. Haliwezi kuulizwa na mtu aliyeishia kwenye lebo.

Freud mwenyewe aliandika juu ya tamthiliya hii mwaka 1913, katika makala yake kuhusu makasha matatu: dhahabu, fedha na risasi, ambayo wachumba wa Portia, binti tajiri katika tamthiliya hiyo, hulazimika kuchagua kwa wosia wa baba yake aliyekufa. Aliyalinganisha na mabinti watatu wa mfalme katika King Lear, tamthiliya nyingine ya Shakespeare. Kasha la risasi na binti mnyamavu, Cordelia, aliwasoma kama sura ya kifo ambacho mzee anapaswa kukipokea. Ni usomaji wa mtu mwenye akili nyingi, lakini unampoteza binti: Cordelia anageuka ishara, na Jessica aliyerusha kasha lake mwenyewe dirishani hana nafasi. Freud alikuwa na mabinti watatu. Sophie aliolewa mwaka huohuo, na mdogo wao, Anna, alibaki nyumbani. Mhakiki naye ana nyumba yake, na huisoma kazi akiwa nayo moyoni.

King Lear inafungua na kikao ambacho msomaji wa Dar es Salaam atakitambua haraka: posa. Wachumba wawili, Mfalme wa Ufaransa na Mtawala wa Burgundy, wanasubiri jibu kwa Cordelia. Angalizo moja: kule mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, kinyume cha mahari yetu. Ndiyo maana Burgundy anajitoa Lear anapomnyima Cordelia fungu lake. Msomaji akisahau hilo, onyesho zima linapinduka.

Lear anawataka mabinti waseme nani anampenda zaidi. Lakini ufalme umeshagawanywa. Kent na Gloucester, wakuu wa mfalme, wanazungumzia mgao huo kabla hajaingia, na binti wa kwanza, Goneril, anapewa fungu lake kabla wa pili, Regan, hajafungua mdomo. Kama ni mashindano, mshindi wa kwanza katangazwa kabla wa pili hajakimbia. Basi Lear anatafuta nini? Hapo ndipo saikolojia inapata kazi halali. Anatafuta tamko, kabla wachumba hawajaitwa ndani, kwamba binti ni wake wote. Cordelia anajibu kwa hesabu: akiolewa, nusu ya pendo lake itaondoka na mumewe. Naye Lear anafichua alichokitarajia: alimpenda huyu kuliko wote, na alikusudia kupumzika katika malezi yake. Mzee wa zaidi ya miaka 80 anataka kulelewa.

Na mama wa mabinti hawa? Baba yao anamtaja mbele ya Regan, naye ni kaburi tu. Katika onyesho hilohilo Lear anasikia kitu kikipanda kifuani, akakiita kwa jina la ugonjwa ambalo Waingereza wa wakati ule walilitumia: "mama". Mhakiki Coppélia Kahn aliujenga usomaji wake wa mwaka 1986 juu ya jambo hilo: mama aliyekosekana jukwaani anamkaba baba kwa ndani.

Mchekeshaji wa Lear anamwambia kwamba amewafanya binti zake kuwa mama zake. Kwa msomaji wa Kizungu ni kejeli tupu. Kwetu ni jambo la kila siku: binti amepewa jina la bibi mzaa baba, na baba anamwita "mama" tangu yuko mgongoni. Hiyo ni heshima ya ukoo. Si dalili, na asiitumie mtu kumchambua jirani. Ila mtunzi wa jukwaani akimpa mhusika neno hilo wakati mbaya, kwa mfano baba akimwita binti "mama" katikati ya kikao cha kumuaga aolewe, kisha akashindwa kuendelea na hotuba, neno la ukoo limebeba zaidi ya ukoo. Sharti maandishi yenyewe yalielemeze. Mhakiki asilielemeze kwa niaba yake.

Tahadhari hiyo inahusu hata watunzi wetu. Shaaban Robert, baada ya kufiwa na mke, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati. Mwanzoni baba anamwita binti akae kitini aandike wosia mdogo: sauti ni ya baba, mkono ni wa binti. Unaweza kuuliza wosia huo unajaza nafasi gani ya mama, na kuuweka kando ya ule ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858. Huwezi, kwa haki, kumlaza Shaaban Robert kwenye kochi la daktari. Kinachosomwa ni utenzi.

Jingine halina mjadala. Pale kazi inapoonyesha baba akimdhuru binti kingono, hiyo ni jinai, na kuiita "matamanio yaliyofichika ya binti" ni kumgeuzia kibao aliyedhulumiwa. Mwalimu akiona mjadala wa darasani umemgusa mwanafunzi kupita fasihi, simu ya watoto ni 116, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Kwa vikundi vya maigizo, onyesho la mwisho la Mabepari wa Venisi ndilo gumu kuliko yote, na mara nyingi huchezwa kama harusi. Jessica yuko Belmont, nyumbani kwa Portia, na mumewe Lorenzo, muziki unapigwa. Anasema kwamba hafurahi kamwe asikiapo muziki mtamu. Hayo ni maneno yake ya mwisho katika tamthiliya. Masikio yaliyofungwa na baba yamefunguliwa, na furaha haijaingia. Baadaye Nerissa, msaidizi wa Portia, anakabidhi hati: Shylock, kwa amri ya mahakama, amewaachia mali yake yote atakapokufa. Lorenzo anashukuru kwa maneno matamu. Jessica amesimama pale pale, na mtunzi hakumpa hata neno moja. Mwongozaji ndiye atakayeamua hati ile inapita mkononi mwa nani, na binti anatazama wapi.