Mashine ya Kusukia Koili: Fundi wa Tanga Anavyoweza Kujitengenezea ya Kwake

Karakana ya umeme ya chuo chetu cha ufundi hapa Tanga huulizwa mara kwa mara na mafundi wanaosuka mota na transfoma kama inawezekana kujitengenezea mashine ya kusukia koili badala ya kuagiza ya dukani. Inawezekana, na vifaa vyake vingi vimo humu humu mjini. Hata hivyo, wengi wanaokuja na michoro yao huwa wameitumia akili yao yote kutafuta kasi: mota ipi ifungwe, izunguke mara ngapi kwa dakika, izimwe kwa swichi gani. Kwa maoni yetu hapo wanaanzia mwisho. Koili haiungui kwa sababu ilisukwa polepole. Huungua kwa sababu hesabu ya mizunguko ilikosewa, au kwa sababu waya ulivutwa vibaya hadi gamba lake la vanishi likachubuka. Mashine ya nyumbani inayohesabu kwa uhakika na kuvuta waya kwa mkazo usiobadilika, hata ikizungushwa kwa mkono, inafaa kuliko yenye mota isiyo na sifa hizo.

Tuanze na hesabu, kwa mfano wa transfoma ndogo ya chaja ya betri. Umeme wetu ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50. Ili kupata mizunguko inayohitajika kwa kila volti, tunagawa 1 kwa zao la 4.44, masafa, nguvu ya usumaku katika kiini (zile bati za chuma zinazopachikwa ndani ya koili) kwa tesla, na eneo la kiini kwa mita za mraba. Kiini chenye ulimi, yaani sehemu ya kati inayopita ndani ya koili, wa sentimita za mraba 10, kikiendeshwa kwa tesla 1, kinataka mizunguko 4.5 hivi kwa kila volti, yaani takriban mizunguko 1,036 upande wa volti 230. Upande wa volti 12 unataka mizunguko 54, nasi huongeza asilimia 5 ili kufidia volti zinazopotea ndani ya waya wenyewe, ikawa 57.

Sasa chukua fundi aliyekuwa akihesabu kwa mdomo, akaitwa na mteja mlangoni, akarudi akidhani amefika 400 ilhali yuko 264. Atasimama akiamini amekamilisha 1,036 kumbe amesuka 900. Upande wa pili wenye mizunguko 57 hautatoa tena volti 12.7 bila mzigo, bali 14.6, na betri italipa gharama ya tofauti hiyo. Kiini nacho kitalazimika kubeba usumaku zaidi ya tuliopanga, transfoma itavuma, na itapata joto hata kabla ya kupewa kazi. Katika mota jambo ni lile lile: makundi ya koili yanayotakiwa kulingana yakipishana mizunguko, mota hunguruma, huzunguka bila nguvu na kupata moto upande mmoja. Fundi wa mota hapigi hesabu hii upya, kwa kuwa anafuata idadi aliyoikuta katika koili ya zamani. Lakini naye lazima aifikie idadi hiyo.

Kwa hiyo kihesabio ndicho kifaa cha kwanza kukifikiria. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kikokotoo cha kawaida cha dukani. Bonyeza 1, kisha alama ya kujumlisha, kisha alama ya sawasawa mara kadhaa; vikokotoo vingi vitaongeza moja kila alama ya sawasawa inapobonyezwa, na baadhi huhitaji alama ya kujumlisha ibonyezwe mara mbili kwanza. Fungua kikokotoo hicho, lehemu nyaya mbili nyembamba kwenye sehemu mbili za kitufe cha sawasawa, kisha ziunganishe na swichi ya ridi, ile ya kichupa cha kioo ambayo hujifunga yenyewe sumaku inapoikaribia. Sumaku ndogo ibandikwe kwenye kisahani kilichokazwa kwenye mhimili unaobeba koili. Nasisitiza mhimili unaobeba koili, si ule wa mkono wa kuzungushia, kwa kuwa mihimili hiyo miwili haizunguki sawa. Jihadhari pia na jinsi sumaku inavyopita mbele ya swichi: ikipita kwa mwelekeo usiofaa, swichi hufunga mara mbili katika mzunguko mmoja, nawe utasuka nusu ya koili ukidhani umemaliza. Zungusha mara 10 polepole huku ukitazama kioo cha kikokotoo, kisha mara 100 kwa mwendo wa kazi. Kikiruka tarakimu, mwendo wako umekizidi, nawe huna budi kupunguza. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutoifunga mota.

Kuhusu mwili wa mashine, Tanga ni mji wa baiskeli, na chuma chakavu cha baiskeli kinatosheleza karibu kila kitu. Kata fremu kuukuu mahali pa pedeli, ukibakisha kile kipande cha bomba chenye ekseli, gololi na vikombe vyake. Hapo umepata beringi na mkono wa kuzungushia kwa pamoja. Mhimili wa koili unaweza kuwa nondo ya M10 yenye nyuzi za nati kutoka mwanzo hadi mwisho, ikishikwa na beringi mbili namba 6200, ambazo tundu lake ni milimita 10, zilizopachikwa kwenye vipande viwili vya mbao ngumu kama mninga. Nondo ya nyuzi huwa nyembamba kidogo kuliko tundu hilo, kwa hiyo izungushie bati jembamba la kopo kabla ya kuiingiza, la sivyo itacheza. Sproketi kubwa yenye meno 48 upande wa pedeli na friwili ya meno 18 kwenye mhimili zitaupa mhimili mizunguko 2.67 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wako. Friwili ichomelewe isizunguke bure. Ikiachwa kama ilivyo, siku mkono utakaposimama ghafla koili itaendelea kuzunguka, na waya utalegea na kujikunja.

Bobini, yaani kiunzi cha plastiki kinachosukiwa waya, isikazwe yenyewe kwenye nondo. Chonga kipande cha mbao kinachojaza tundu lake kikamilifu, kisha uibane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi na nati pande zote mbili, kwa kuwa mamia ya mizunguko ya waya hubana kwa nguvu kubwa na kuta za plastiki zisizoegemea kitu hupinda hadi bati za kiini zikakataa kuingia. Kwa koili za mota, mahali pa bobini huchukuliwa na kalibu ya mbao yenye ngazi, kila ngazi ikiwa na ukubwa wa koili yake, nazo koili hufungwa kwa uzi kabla ya kuvuliwa.

Mkazo wa waya ndipo mafundi wengi huachia mkono ufanye kazi: wanaushika waya kwa kitambaa kati ya vidole viwili. Kidole kinachoka, jasho linaingia, na mkazo unabadilika bila mwenyewe kujua. Shaba laini ikivutwa kupita kiasi hurefuka na kuwa nyembamba, na gamba lake hupata nyufa. Gamba hilo ni vanishi yenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Michael Faraday, alipotengeneza pete yake ya koili mbili mwaka 1831, alitenga waya wake kwa uzi na vitambaa, ulinzi mnene ambao sisi hatunao. Tunachofundisha ni kutozidisha nyutoni 50 kwa kila milimita ya mraba ya shaba. Waya wa geji 28, wenye kipenyo cha milimita 0.376, una eneo la milimita za mraba 0.111, kwa hiyo mkazo wake usizidi uzito wa nusu kilo na kidogo. Waya wa milimita 0.1 hauruhusu zaidi ya gramu 40. Kipenyo kikipungua mara nne, mkazo hupungua mara kumi na sita, na ndiyo maana aliyezoea kusuka mota za pampu hukata waya kila mara anapojaribu koili ndogo.

Breki ya waya hutengenezwa kwa vibao viwili vilivyobandikwa vipande vya blanketi zito, vikibanwa pamoja kwa bolti, springi na nati ya masikio. Ili kuipima, pitisha waya katikati, funga kwenye ncha yake chupa ya nusu lita iliyojaa maji, kisha legeza nati taratibu hadi chupa ianze kushuka polepole bila kusita. Kwa geji 28 hapo umefika. Roli ya waya isimamishwe wima chini ya meza na waya uvutwe kuelekea juu, ukitoka pembeni mwa roli bila roli yenyewe kuzunguka. Roli nzito inayozunguka huuvuta waya kwa mishtuko kila unapoanza na kila unaposimama. Jambo jingine linalosahauliwa ni umbo la bobini. Bobini za transfoma ni za pembe nne, kwa hiyo waya huvutwa kwa kasi kila pembe inapopita na kulegea kila bapa linapokuja. Spoki ya baiskeli iliyokazwa upande mmoja, yenye ushanga wa kioo mdomoni pa kupitishia waya, hupinda na kurudi ikifidia tofauti hiyo. Ushanga lazima uwe laini, kwa maana chuma kitupu hukwangua vanishi.

Kuulaza waya mzunguko kando ya mzunguko kunaweza kufanywa kwa mkono kwa kuisogeza spoki hiyo kwenye reli, nasi tunashauri anayeanza afanye hivyo. Atakayetaka usahihi zaidi aongeze nondo ya M6, ambayo nyuzi zake husogeza nati milimita 1 kwa mzunguko, na aiendeshe kwa mkanda wa cherehani kutoka puli ya milimita 25 kwenye mhimili hadi puli ya milimita 60 kwenye nondo hiyo. Kiongozi cha waya kitasogea milimita 0.417 kwa kila mzunguko wa koili, kiasi kinachoutosha waya wa geji 28 pamoja na gamba lake. Tabaka likijaa, fungua mkanda, uukunje kama namba nane na kuurudisha. Kiongozi kitarudi kilikotoka huku koili ikiendelea kuzunguka upande ule ule. Kati ya tabaka na tabaka weka karatasi ya kuhami.

Koili ikikamilika, pima ukinzani wake kabla ya kukata waya. Kwa transfoma yetu, ikiwa mzunguko mmoja una urefu wa wastani wa sentimita 17, waya wote ni mita 176, na multimita inapaswa kuonyesha omu 27 hivi kwa nyuzi joto 20, au zaidi ya 28 kidogo katika joto la kawaida la Tanga. Ukikuta 24, rudia hesabu yako. Hata hivyo multimita haitakuonyesha mizunguko miwili iliyogusana kati ya elfu. Hiyo hujulikana baada ya kupachika kiini, kwa kuiunganisha transfoma na umeme kupitia taa ya nyuzi ya wati 60 iliyo mfululizo nayo, bila mzigo wowote upande wa pili. Taa isipowaka au ikiwa nyekundu hafifu ni dalili njema. Ikiwaka kwa mwanga mkali kuna mizunguko iliyogusana. Taa ya LED haifai kwa kipimo hiki, na asiye fundi wa umeme asikifanye, kwa sababu koili hiyo imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230.

Hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, hubeba unyevu na chumvi. Kausha koili kwa joto la wastani kabla ya kuimiminia vanishi, ikaushe tena baadaye, kisha pima kwa mega (kipimo cha uhami) ya volti 500 kati ya koili na kiini. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, irudishe kwenye joto na usiikabidhi kwa mteja. Idadi ya mizunguko, geji ya waya na ukinzani uliosoma viandikwe kwenye karatasi ngumu na kufungwa kwenye transfoma au mota yenyewe, ili fundi atakayeifungua baadaye asilazimike kuhesabu waya ulioungua.